Ramani Niliyomwonyesha Mama Mdogo

Kazi yangu ni kutabiri mafuriko kwa kompyuta. Naipa mashine umbo la mto, mwinuko wa ardhi na kiasi cha mvua. Inapiga hesabu na kunionyesha maji yatapita wapi, yatapanda kiasi gani. Nimeifanya miaka kumi na moja.

Mama mdogo, aliyenilea baada ya mama kufariki, aliishi Mvumi karibu na mto, yeye na mumewe ambaye kiharusi kilikuwa kimemlaza. Masika yalipokaribia, majirani walianza kuhamia shuleni, kwenye mwinuko. Nilipokwenda kuwasalimia, aliniuliza, "Na sisi tuhame? Kumbeba baba yako si kazi ndogo."

Nikafungua kompyuta mezani kwake. Kwenye ramani, rangi ya bluu, yaani maji, iliishia mbali na nyumba yao.

"Hapa hayafiki, mama."

Akamgeukia mumewe kitandani. "Umesikia? Mwanao anasema hayafiki."

Wiki tatu baadaye nilikuwa Mikumi, napima kalavati la kupitishia maji chini ya barabara kuu, jirani yao akanipigia simu. Mto ulikuwa umefurika tangu alfajiri. Nikachukua bodaboda kupitia Ulaya na Zombo; kwenye tope tulishuka tukaisukuma pikipiki. Nilifika alasiri.

Mama mdogo alikuwa ameketi mlangoni mwa darasa pale shuleni, kanga imemgandama mwilini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nilimvuta mpaka mlangoni. Maji yakanizidi nguvu."

Baba mdogo walikuwa wamempata kwenye shamba la mahindi la jirani. Walikuwa wamemfunika kwa shuka la mtu mwingine, na miguu ilibaki nje.

"Ulituambia hayafiki," akasema, bila hasira, kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba alisikia vizuri.

Tulipomaliza kuzika, niliingia mtoni na fimbo ya kupimia. Vipimo nilivyotumia vilikuwa vya miaka mingi nyuma; tangu hapo mchanga ulikuwa umejaa, kina cha mto kimebaki kama cha sahani. Nilijua vipimo ni vya zamani. Niliona vinatosha. Nikaingiza vipya, nikarudia hesabu, na maji yakafika madirishani mwa nyumba ile.

Nilimwendea nikamweleza yote. "Kosa ni langu, mama. Nilipaswa kuupima mto kwanza."

"Ulikaa kwetu siku mbili," akasema. "Na mto uko hapo nyuma ya choo."

Sasa anaishi Mikumi kwa binti yake. Kazi sijaiacha, na kila nikipita huko lazima nikamsalimie. Huitikia shikamoo yangu, hunipakulia chakula, hunikaribisha vizuri. Kisha huenda kukaa jikoni mpaka niondoke.