Chai ya Moto kwenye Kioo cha Landrova

Jamani, mkasa huu nausimulia kwa aibu, na ningekuwa na akili siku ile nisingekuwa na cha kusimulia.

Baba yangu kumbukumbu zimeanza kumtoka, majina yetu anayachanganya, lakini ile Landrova yake kuukuu (ameiendesha tangu mimi sijazaliwa) haijamtoka hata kidogo, akiingia ndani yake anachangamka, anazungumza, anakuwa baba. Basi msimu wa baridi watu walipoanza kutumiana picha za theluji ya Jabal Shams, nikamchukua kutoka Maskati mpaka juu mlimani, mimi dereva, yeye pembeni, akaishika theluji kwa mikono miwili akacheka mpaka machozi. Laiti ningeishia hapo!

Tulipotaka kushuka, kioo cha mbele kimeganda barafu. Mimi mtoto wa joto, barafu naijua ya kwenye friji tu, nikachukua chupa ya chai nikakimiminia kioo chai ya maziwa yenye iliki, ya moto kabisa (nilijiona hodari!), kioo kikalia ta!, kikapasuka toka pembe hii hadi ile. Watu waliokuja kutazama theluji wakaiacha wakanitazama mimi, simu juu, na wengine wanauliza kama imebaki ya kikombe kimoja. Nikaingia garini nimefura kwa hasira, nikaondoka mbio.

"Usikanyage breki, mwanangu," Baba akasema polepole. "Tia gia ndogo, iache ishuke yenyewe."

"Baba, nyamaza! Wewe si dereva tena!"

Nikakanyaga breki. Landrova ikateleza ubavu ubavu, ikajibamiza kwenye jiwe mbele ya kadamnasi ile ile, wakaja kutusukuma huku wakicheka. Baba hakusema neno mpaka nyumbani.

Gari nimelitengeneza (kioo nimekitafuta Ruwi nzima, duka kwa duka za vipuri). Baba safari ile haikumbuki, theluji haikumbuki, jiwe halikumbuki, nami nikashukuru, nikidhani na maneno yangu yamemtoka. Ijumaa moja nikampakia tuzunguke kidogo. Akakaa kimya njia nzima, mikono mapajani. Tulipokaribia nyumbani akanigeukia kwa adabu, kama mtu aliyepewa lifti na mgeni.

"Nna ruhusa ya kusema?"

Nikaegesha pembeni nikalia kama mtoto. Nimeapa sitamnyamazisha tena maisha yangu yote, na kila tukiingia garini namwambia, "Sema, Baba, gari lako hili." Lakini bado huomba ruhusa kwanza.