Suruali ya Mzani

Kliniki ya watoto huanza kwa somo. Juzi, hapa Moshi, nesi alitufundisha habari za UKIMWI tukiwa kwenye mabenchi na watoto mapajani. Alieleza vizuri kabisa kwamba virusi haviambukizwi kwa kushikana mikono wala kwa kuvaa nguo ya mwenzako. Tuliitikia kama watoto wa shule.

Kisha tukapanga foleni ya mzani. Watoto wote huvalishwa suruali ile ile ya turubai na kuning'inizwa. Mbele yangu alikuwepo mama aliyetoka Mabogini na mtoto wake. Nesi alifungua kadi yake, akaona alama ya wino mwekundu wanayowekewa wenye virusi, akaivuta suruali kifuani pake.

"Wewe mama, subiri mwisho. Hii wanavaa na watoto wa wenzako."

Bibi mmoja nyuma yangu akauliza, "Si umetufundisha sasa hivi, sista?"

"Nimefundisha, bibi. Lakini tahadhari ni tahadhari."

Yule mama akaanza kumfunga mwanawe mgongoni ili aondoke. Mimi huona haya hata kuitikia jina langu likiitwa, lakini nilijisikia nikisema, "Atangulie, sista. Wangu atavaa baada yake."

"Na mjukuu wangu atafuata," bibi akasema.

Nesi alitutazama, kisha akampima mtoto wa yule mama.

Mimi niliishia darasa la saba, ila somo la asubuhi ile nililiamini kuliko mwalimu wake. Nilipomvalisha wangu, suruali ilikuwa bado na joto la mwenzake.