Nilimwita Shangazi "Mama" Mbele ya Wenzangu

Nimekosa, na sitaki mtu anitetee. Wanaonitetea wamenichosha. Eti ilikuwa aibu tu, eti utasamehewa. Aibu ya nini? Nina hasira na nafsi yangu mpaka nimeshavunja kikombe jikoni, na hasira haijaisha.

Mimi ni mwanamke, nafanya kazi ofisini hapa Songea, naishi Mjimwema. Ofisini wanajua nimekulia Ruhuwiko, hapa hapa mjini. Uongo mtupu! Nimekulia kijijini, kando ya Ziwa Nyasa, kwa shangazi yangu, dada wa baba. Mama alifariki nikiwa bado nanyonya, baba naye akafuata. Shangazi ndiye aliyenilea na kunisomesha kwa kuuza usipa, wale dagaa wa ziwani.

Nikiwa mdogo nilimwita mama, akanikataza. Alisema, "Mama yako amelala pale nyuma ya kanisa. Usimpe mtu mwingine jina lake. Mimi ni shangazi." Basi akawa shangazi, na sikuwahi kumwita vingine.

Sasa sikia upumbavu wangu.

Wenzangu wa ofisini, watatu, walipanga safari ya mapumziko. Mabegi mgongoni, mahema, tukalale ufukweni kama watalii. Wakataja na kijiji cha kwenda. Kijiji chetu! Siku hizi kuna kambi pale, wazungu wanakuja na mbao zao za kuteleza juu ya mawimbi, muziki unapigwa polepole, kila mtu miguu peku, hakuna mwenye haraka. Ningesema hapo hapo, "Jamani, ni kwetu." Nikanyamaza. Kwa nini? Kwa sababu rafiki yangu mmoja, nimwite Jack, alikuwa na mzaha wake kwamba watu wa ziwani hunuka samaki hata siku ya komunyo. Na aliyekuwa akiucheka zaidi mzaha huo ni mimi.

Tulifika, tukafunga mahema. Kijana wa kambi akatukodishia mbao, akatufundisha. Mimi nikajifanya naogopa maji. Mimi! Niliyelala juu ya kipande cha mtumbwi uliovunjika nikibebwa na mawimbi kabla sijajua kuandika jina langu. Nikalipia kufundishwa, nikapiga kelele wimbi liliponigusa, wenzangu wakanipiga picha. Nikikumbuka kelele zile natamani kujizaba kofi.

Nilipotoka majini, shangazi alikuwa amesimama mchangani na beseni la usipa kichwani. Sijui alikuwa pale tangu saa ngapi. Akatabasamu, akasema, "Umefika bila kuniambia?"

Jack akaniuliza kama namjua.

Nikasema, "Hapana, watu wa huku ndivyo walivyo, wanaongea na kila mtu." Kisha nikamgeukia, nikampigia goti kidogo, kwa adabu zote. "Shikamoo, mama."

Mama! Kama unavyomwita yeyote sokoni usiyemjua.

Alinitazama. Tabasamu likamtoka taratibu, akaliweka sawa beseni lake. "Marahaba, mgeni. Karibuni ziwani." Akaenda zake.

Nyumba yake iko nyuma tu ya kambi. Ningeweza kumfuata. Sikumfuata.

Asubuhi mlinzi wa kambi alituletea samaki, mbasa wa kuchoma, amefungwa kwenye jani la mgomba. Akasema kuna mama ameuacha mzigo ule kwa ajili ya yule binti anayeogopa maji. Wenzangu wakacheka, wakamsifu mama wa watu kwa ukarimu. Samaki alikuwa na kichwa chake, kwa kuwa shangazi anajua mimi hupenda kichwa. Jack akakikata akamtupia mbwa. Nikatazama mbwa anakula kichwa changu, nikasema samaki ni mtamu.

Nikapanda basi, nikarudi Songea na begi langu mgongoni.

Miezi ikapita, mchumba wangu akataka kuleta posa. Kwetu asiye na baba husimamiwa na shangazi. Ndiye anayepokea washenga, ndiye anayejibu kwamba binti ni wetu. Nikafunga safari, safari hii peke yangu, nimevaa kitenge.

Alinipokea vizuri. Vizuri mno! Akanitolea kiti nje, akatuma soda dukani. Nikaingia jikoni nikaoshe sufuria, akanitoa. Nikataka kuteka maji, akaninyang'anya ndoo, akasema mgeni hatumwi. Ningependa anitukane. Ningependa anichape kwa mwiko kama zamani. Alinikalisha kitini nikanywa soda katika nyumba niliyofagia tangu utotoni.

Nikapiga magoti, nikalia, nikaomba msamaha, nikaeleza na habari ya posa. Akasikiliza mpaka mwisho, anachambua usipa wake, hanitazami.

"Wakiuliza shangazi yako," alisema, "waambie humjui. Ulishasema mara moja na haikukushinda."

Posa ilipokelewa na jirani wa Mjimwema, mtu mwema, asiyejua hata jina la baba yangu. Washenga wakauliza aliyenilea ni nani, tumpe heshima yake. Jirani akanitazama. Na mimi nikatazama zulia.

Jack nilimweleza yote. Anasema, "Si ungetuambia tu? Tungecheka yakaisha." Nilitaka kumrushia chai. Halafu nikaona simlaumu, yeye alimtupia mbwa kichwa cha samaki tu.

Ninyi mnaosoma haya mkiwa na mabegi yenu mazuri, mnaokwenda kupiga picha kwenye vijiji vilivyowalea huku mkijifanya mmepotea njia, nasema nanyi. Akisimama mbele yako mtu wako na beseni kichwani, mtaje anavyostahili kutajwa, mbele ya yeyote awaye. Wacheke! Wanuse! Usidhani utarudi baadaye kimyakimya ukalirekebishe kosa lako.

Juzi nilimpigia simu. Nikasema, "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," aliitikia, sauti ya upole kabisa. "Nani mwenzangu?"

Simu ile nilimnunulia mimi, na namba yangu niliiandika humo kwa mkono wangu.