Njuga za Maimuna

Siku Maimuna aliponipiga mara ya kwanza, nilimfokea. Afadhali niliseme mwenyewe mapema, maana hapa Msambweni wapo watakaolisema nisipolisema mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka Ukunda kuja kufungua kinyozi nyuma ya soko. Kwetu ni Lukore, kwenye mashamba ya Wakamba, lakini mikono yangu ilikulia Ukunda, na Ukunda nzima ilinijua Kaloki ni nani kwenye Radi. Radi ni gemu ya kupigana. Jina lake halisi limeandikwa kwa herufi za Kijapani na hakuna aliyejisumbua kulisoma. Kila toleo huanza kwa mngurumo, basi tukaiita Radi: Radi ya pili, Radi ya nne, Radi ya sita. Mnakaa wawili mbele ya TV, kila mmoja na pedi yake ya kuchezea na mpiganaji aliyemchagua, na mwenye kumwangusha mwenzake mara tatu ndiye mshindi. Ziko gemu nyingine za namna hiyo, na wengine wanasema picha zake ni nzuri zaidi. Mimi watu hao huwanyoa tu, sibishani nao.

Kwenye kibanda cha gemu cha Waziri nilimkuta mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa buibui, mikono ya buibui ina vumbi jeupe la mhogo. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati kabisa ya spika mbili. Akamchagua bibi mmoja mwenye njuga miguuni, mpiganaji mzito ambaye Ukunda hakuna mtu wa maana aliyemshika. Nikacheka kwa sauti. Dakika sita baadaye nilikuwa nimeanguka mara tatu, yeye hajaanguka hata mara moja.

Kilichoniudhi si kupigwa. Ni kwamba muda wote uso wake ulielekea ukutani, kwenye kalenda ya duka la saruji. Nikaona ni dharau.

"Manze, hata kama unanipiga, si uangalie TV!" nikafoka. "Unanidharau kwa nini?"

Yule mwanamke akageukia sauti yangu, akanikosa kidogo, macho yake yakatua karibu na sikio langu.

"Ningeiangalia, ndugu yangu," akasema, "ila hata nikiiangalia siioni. Wewe ni mgeni. Karibu. Jina lako nani?"

Niliona aibu. Lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine, na hicho ndicho kilichonirudisha kesho yake na kesho kutwa. Mtu asiyeona alikuwa amenipiga mimi, katika gemu ya macho. Sikulala vizuri kwa kulifikiria.

Nikaanza kumchunguza. Asubuhi Maimuna hukaanga kachiri za mhogo nje ya nyumba yao, pamoja na mamake. Mama hukata vile vipande vyembamba, Maimuna huvitia mafutani na kuvitoa. Hahesabu dakika wala haonji. Husikiliza. Mafuta hupiga kelele mwanzoni, kisha kelele inapungua, na inapofikia pale anapopajua yeye, anatia upawa. Nimekula kachiri zake miaka minne sasa na sijapata hata moja iliyoungua. Adhuhuri akishaswali huongozwa na mpwawe hadi kwa Waziri, na pale mlangoni mpwawe anamwachia mkono. Kuanzia hapo hashikwi na mtu.

Siku moja nilifunga kinyozi mapema, nikachukua taulo ya kazini, nikajifunga macho, nikamwambia Waziri aniwekee Radi. Nilisikia fujo tupu. Nilipigwa na mashine yenyewe, tena ile ngazi ya wanaoanza. Maimuna alicheka mpaka akashika ubavu.

"Unasikiliza kila kitu kwa pamoja," akaniambia. "Sikiliza miguu kwanza. Mtu wako yuko spika gani?"

"Kushoto."

"Haya. Sasa piga teke la juu. Umesikia nini kabla ya teke?"

"Sijasikia kitu, dada."

"Piga tena."

Nikapiga mara kumi, kumi na tano. Ndipo nikasikia. Kabla ya teke la juu mpiganaji wangu huvuta pumzi, fupi, ya puani. Teke la chini halina pumzi, lina mkwaruzo wa nguo. Nilikuwa nimembonyeza mtu yule maelfu ya mara tangu nikiwa shule ya msingi na sikuwahi kumsikia akipumua. Nilivua taulo nikamtazama Maimuna.

Nikamuuliza mbona ameng'ang'ania Radi na huyo bibi mzito, na zipo gemu nyingi.

"Radi ya pili niliicheza naona," akasema. "Mimi na kaka yangu Kheri, kwa jirani. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Macho yakaondoka nikiwa na kumi na saba, presha ya macho, hospitali tulichelewa. Tangu hapo mamangu amezeeka, sijui uso wake umekuwaje. Kheri ana ndevu, naambiwa. Watoto wa kaka sijawaona hata mmoja. Lakini huyu bibi, Njuga, kila toleo wanalotoa, njuga zake ni zile zile. Akipiga hatua moja tu, namwona. Nguo nyekundu, nywele nyeupe amezisuka mbili, mkono wa kulia kovu. Yeye peke yake ndiye ninayemwona, Kaloki."

Niliinua pedi, tukacheza, akanipiga.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa kwa miaka mitatu. Nilimpiga mara moja kati ya tano, baadaye mara mbili. Vijana walikuja kutoka Kibuyuni na hata Matuga kutaka kuona kama ni kweli, wakarudi kwao kimya. Hakuna aliyempunguzia, maana hakuna aliyeweza.

Kisha mashine ya Waziri ikafa. Chumvi ya bahari iliila ndani kwa ndani, fundi alipoifungua alitoa kutu kwa kijiko. Waziri akapata mashine nyingine, mpya zaidi, kutoka kwa mpishi wa hoteli ya Diani aliyekuwa anahama, nayo haikukubali diski zetu za zamani. Ilikuja na Radi ya saba tu.

Tulishangilia. Picha zake, wallahi, utadhani jasho la wapiganaji litakudondokea. Maimuna naye alikuja amejipaka manukato, siku ya furaha. Nikamwambia Njuga safari hii amevaa suruali ya buluu. "Astaghfirullahi, uzeeni huu?" akasema, watu wakacheka. Ngurumo ikapiga, pambano likaanza, naye akapigwa na kijana ambaye juzi alikuwa hajui kuzuia ngumi.

Akapigwa tena. Siku ile alipigwa mara saba mfululizo. Radi ya saba ilikuwa na ngoma nzito chini na mtangazaji anayepayuka juu, na kati ya ngoma na mtangazaji njuga zilizama. Nilimwona akiinamisha kichwa, akikigeuza huku na huku, akizitafuta. "Zipo," akawa anasema. "Zipo, ila mbali." Wiki nzima alikuja, wiki nzima akapigwa, na kila siku alikaa kidogo kuliko jana. Waziri alipunguza sauti, akaongeza, akasogeza spika. Haikusaidia.

Na hapa ndipo nilipofanya jambo la kijinga kuliko lile la siku ya kwanza. Nilimwonea huruma. Ijumaa moja baada ya swala tulikaa, na mimi, Kaloki wa Ukunda, nikaacha kuzuia. Nikaacha mtu wangu asimame pale kama gogo. Njuga akampiga, akaanguka. Mara ya pili. Mara ya tatu. Vijana waliokuwepo wakaelewa, wakapiga makofi, mmoja hata akapiga vigelegele.

Maimuna aliweka pedi juu ya mapaja yake.

"Vidole vyako vimelala," akasema.

"Vipi, dada?"

"Nasikia vidole vyako siku zote. Unabonyeza kwa nguvu kama mtu aliyekasirika. Leo vimelala." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na ndivyo ilivyoniumiza zaidi. "Nyumbani naongozwa. Sokoni naongozwa. Kwenye harusi nalishwa kama mtoto, nakuta mtu ananitilia tonge na sijamwomba. Hapa nilikuwa napigwa. Wewe ulikuwa mtu wa kunipiga, Kaloki."

Akasimama, akapapasa ukuta hadi mlangoni, akakataa mkono wa Waziri. Hakuja kesho yake. Siku kumi na moja hakuja, na mpwawe alipopita akasema shangazi anasema ameachana na mambo ya gemu.

Nilijichukia. Nilimkata mteja sikio. Siku ya kumi na mbili nilifunga kinyozi asubuhi, nikaenda kwa Waziri, nikaifungua ile menyu ya mipangilio ambayo hakuna mchezaji anayeisoma, nikaanza kuisoma mstari kwa mstari. Nilitaka kuzima ngoma tu. Nikazipata, nikazima. Nikampata mtangazaji, nikamnyamazisha. Nikaendelea kushuka, kurasa juu ya kurasa, mwanga wa skrini, ukubwa wa maandishi, na chini kabisa nikakuta ukurasa ambao sikuuelewa.

Uliitwa sauti za mchezaji. Ulikuwa na mistari mingi. Sauti ya umbali kati yenu. Sauti ya kuonyesha nani yuko upande upi. Sauti ya pigo la juu, ya pigo la kati, ya pigo la chini. Sauti ya nguvu zako zikikaribia kuisha. Kila moja inawashwa peke yake na kuongezwa peke yake. Nikawasha ya umbali. Wapiganaji walipokaribiana, mlio mdogo uliharakisha, walipoachana ukapoa. Nikafumba macho. Nilijua walipo. Mimi nisiyejua lolote nilijua walipo.

"Waziri," nikasema, "hii kitu haikutengenezewa sisi wenye macho."

Nilikimbia hadi kwa kina Maimuna. Nilimkuta karaini.

"Shikamoo, mama," nikamwambia mamake kwanza, kisha, "Dada Maimuna, nimekuja kukuomba radhi."

"Subiri," akasema, sikio likiwa kwenye mafuta. Alitoa karai lile, akatia jingine, akalitoa nalo, mimi nimesimama juani. "Haya. Omba."

Nikaomba. Nikasema nilimfanya maskini mbele ya watu na hakuwa maskini. Nikasema sitarudia hata kama atapigwa mpaka kiama. Hapo mdomo wake ukacheza kidogo. Akavua aproni.

Kibandani nilimwekea pedi mkononi, nikawasha sauti moja baada ya nyingine, nikimweleza kila moja kazi yake. Alimsogeza Njuga mbele hatua moja, nyuma hatua moja. Njuga zililia wazi, bila ngoma, bila mtu kupayuka. Mlio wa umbali ukaharakisha, ukapoa, ukaharakisha. Alifanya hivyo muda mrefu, mbele na nyuma.

"Hizi mmeziweka nyinyi?" akauliza.

"La. Zimetoka nazo huko huko zilikotengenezwa. Japani."

"Nani aliwaambia kuwa mimi nipo?"

Waziri akageuka akatazama nje. Mtu tusiyemjua, upande wa pili wa dunia, alikaa mezani siku nyingi akiwaza jinsi mtu wa namna ya Maimuna atakavyojua kama adui yuko karibu. Alijaribu mlio huu, akaukataa, akajaribu mwingine. Hajasikia jina la Msambweni maishani mwake.

"Kaa," Maimuna akaniambia. "Tucheze."

Raundi ya kwanza alinifunza adabu. Ya pili nikashinda, kwa shida. Ya tatu yake, ya nne yangu. Ya tano ilifika mahali ambapo wote wawili tulikuwa tumebakiwa na pigo moja moja. Njuga alipiga teke, nikazuia, na kwa nukta moja akabaki wazi mbele yangu. Kibanda kizima kiliona. Nilijua kila mmoja pale anataka nini, na mimi mwenyewe nilikuwa nataka hicho hicho, Mungu ananijua. Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe.

Nikabonyeza, kwa nguvu zangu zote.

Njuga akaanguka. Njuga zake zikalia chini mara moja, kisha kimya, na vijana wakanitazama kwa macho ya kuniua. Maimuna alikaa bila kutikisika. Halafu mabega yakaanza kucheza, na nikaogopa nimemliza. Alikuwa anacheka, machozi yakimtiririka hadi kidevuni, wala hakuyafuta.

"Alhamdulillahi," akasema. "Nimepigwa."

Akaivuta pedi karibu na kifua, akamchagua tena yule bibi.

"Rudia," akaniambia, "na usilegeze."