Mshumaa wa Chujio Hausuguliwi kwa Majivu

Nakumbuka siku moja, mwaka themanini na nane, nina miaka ishirini na moja, nilitoka Ilala na kanga mbili na sufuria moja. Mume alikuwa ameniacha, na shule niliishia darasa la tatu. Dhiki yangu ilianzia hapo, siifichi. Nikaomba kazi kwa wauza mitumba waliokuwa wakizunguka minada ya bara na lori wiki tatu nzima, wakila na kulala humo humo garini. Wakanichukua niwapikie na niangalie maji.

Mkubwa wa msafara alikuwa Mzee Mshamu, mtu wa kusini, mfupi, hana maneno mengi. Mwanangu, nimekaa na matajiri na wasomi, lakini mtu aliyeijua kazi yake kama yule sijamwona. Chujio lake lilikuwa ndoo mbili za aluminiamu zilizopandana, ya juu ina mshumaa wa udongo mweupe wa kuchujia, ya chini ina koki. Marobota yalirushwa tu nyuma ya lori. Chujio alilipakata mwenyewe, limefungwa blanketi.

Wenzake wakamcheka. "Mzee, huyo mtoto atatembea lini?"

"Siku akianguka huyu," akajibu, "watakaokimbilia vichakani ni ninyi."

Huko bara maji tuliyachota lamboni, bwawa la kunyweshea ng'ombe, rangi ya chai ya maziwa. Mshumaa ukashika tope, maji yakawa yanatoka tone kwa tone. Wafanyabiashara wakanichokoza, "Da' Mwanaidi, hayo ni ya kunywa leo au ya Idi?" Mimi nililelewa na bibi aliyempima mwanamwali kwa sufuria zake: uzisugue kwa majivu na mchanga mpaka uuone uso wako. Mzee alikuwa ameniambia nitumie brashi laini na maji matupu. Nikasema moyoni, mwanamume anajua nini kuosha vyombo? Alipokwenda mnadani nikausugua. Ukatoka mweupe kama yai, maji yakashuka vizuri, wote wakanisifu. Nikatembea kwa maringo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Siku ya tatu mwanamke mwenzangu aitwaye Tatu, muuza viatu niliyelala naye mkeka mmoja, akaanza kutapika na kuharisha. Kufika adhuhuri macho yalikuwa yameingia ndani. Mzee akakataza mtu yeyote asinywe maji ya chujio, akaniita.

"Binti, mshumaa umeusafishaje?"

"Kwa brashi na maji, Mzee."

Hakunipinga. Aliufungua, akauzamisha kwenye karai la maji, akapuliza kwenye shina lake. Ubavuni mapovu makubwa yakapanda.

"Udongo huu umekwanguliwa," akasema. "Nakuuliza tena. Usinijibu mimi, mjibu mwenzio aliyelala pale."

Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo chenyewe kilikuwa kinamwita mwingine. Nikasema yote.

"Sufuria unazijua, sikatai," akaniambia. "Ila hiki si chombo cha kung'aa. Ukikisugua unakila. Kosa lako ni kiburi. Langu ni kukwambia bila kukuonyesha."

Wala hakuninyanyulia sauti mbele ya watu. Akatoa mshumaa wa akiba begini, akaufunga ndooni, akawaambia wenzake waende na chujio mnada unaofuata. Yeye akabaki nami, mali yake ikaondoka na lori bila mwenyewe. Tukampeleka Tatu zahanati, na baada ya hapo tukawa tunamnywesha maji yaliyochemshwa yenye chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko, kwa zamu. Siku ya nne akaomba uji. Akaniangalia, akasema, "Upike wewe, lakini usioshe kitu." Nilicheka huku nalia.

Sasa nauza machujio Kariakoo. Wananijia vijana wanaotengeneza magari ya safari yenye kitanda na jiko ndani. "Shikamoo bibi, nipe linalotoa maji haraka." Marahaba, haraka ya nini, unazima moto?

Mwanangu, nisikilize. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji akuonyeshe mshumaa wa spea. Akibabaika, mwachie mzigo wake. Nunua na wa akiba, maana porini hakuna Kariakoo. Maji ya tope yaache yatulie kwenye ndoo, uyapitishe kitambaani, ndipo uyachuje. Brashi iwe laini, sabuni usiitie, na mikono yako ioshe kwanza. Chujio likifungwa kwenye gari lizungushie sponji, barabara zetu unazijua. Zile washa, pete za mpira za kuzuia maji yasivuje, zikague, na kila safari uujaribu mshumaa kwa kuupuliza majini kama Mzee. Ukiukuta na ufa, utupe hata kama una wiki moja. Ukilishuku chujio, chemsha maji. Ukiliharibu sema siku hiyo hiyo, hata wakikucheka, kwani kuna mtu ameshika kikombe anakuamini.

Leo nina duka la vifaa vya maji Kariakoo. Nina nyumba ya vyumba sita Ilala. Nina lori moja, na la pili tuna nusu kwa nusu na Tatu. Sina cheti chochote.

Mungu akunyooshee njia, koo lako lisikauke, na akupe mkubwa wa kukwambia kosa lako kisha akabaki nawe kulitengeneza. Amina.