Chupa Tatu Zilizolala

Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kulisha viumbe wasioonekana kwa macho matupu. Kila baada ya siku mbili alifungua kabati la joto lililo mwishoni mwa maabara, akazitoa chupa bapa moja moja, akamwaga kimiminika kilichochakaa na kutia kipya, chenye rangi ya waridi. Ndiyo maana wenzake walimwita Mama Malisho, na jina lake la kwenye kitambulisho likabaki kuwa shughuli ya mlinzi wa getini peke yake.

Alikuwa na namna yake ya kuzisema seli, hao viumbe wake. Zilizojazana hadi kukosa nafasi, alisema zimebanana kama wapangaji. Zilizo hai lakini zimeacha kugawanyika aliziandikia neno moja, katika daftari na kwenye kibandiko cha chupa: zimelala. Neno hilo alitoka nalo nyumbani, enzi alipokuwa akichungulia chumba cha wanawe wanne, kisha akarudi sebuleni kwa ncha za vidole na kumnong'oneza mumewe neno hilohilo.

Mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu alipangiwa kumsaidia binti mmoja aliyekuwa akimalizia shahada ya uzamivu. Binti huyo alichunguza polifenoli, zile kemikali zinazoyapa majani ukakasi na matunda rangi ya zambarau. Yeye alizikamua kutoka katika magome ya mti. Seli, kama alivyopenda kueleza, haigawanyiki vivi hivi. Homoni hubisha hodi kwenye utando wa nje, na ujumbe wa kukua hupokezanwa na protini moja hadi nyingine mpaka ufike kwenye kiini. Binti aliamini kwamba dondoo lake, yaani kile alichokamua kwenye magome, liliuzuia ujumbe huo njiani. Profesa aliyemsimamia hakushawishika.

"Labda umezitilia sumu tu," alimwambia. "Maiti naye hagawanyiki. Ziondolee hilo dondoo, uone kama zitaamka. Zikiamka kabla ya kikao cha Ijumaa ijayo, saa nne, natia saini tasnifu yako. Zisipoamka, tuanze upya."

Kuanza upya kulimaanisha miaka mitatu ya magome kutupwa. Zilikuwapo chupa tatu za kujaribia, zote zimekaa na dondoo wiki nzima. Mama Malisho akazibandika neno lake, akaenda zake mapumziko ya mwisho wa wiki.

Jumatatu asubuhi alikuta moja tu.

Alimfuata muosha vyombo, mzee mgeni katika maabara, ambaye kwa siku chache tu alikwisha kuitwa Mzee Povu.

"Mzee wangu, chupa zangu mbili ziko wapi?"

"Za marehemu? Nimeshazihifadhi, mama. Poleni sana."

"Marehemu gani tena?"

"Si umeandika mwenyewe zimelala? Kule hospitali nilikotoka, daktari akitoka akasema mzee wenu amelala, watu huangua kilio. Nikazitia klorini kwa heshima zote. Hata redio niliizima."

Binti, aliyekuwa akisikiliza kando, aliketi juu ya stuli, akaficha uso kwa viganja. Haikujulikana kama alikuwa akilia au akicheka. "Kwa heshima zote!" alisema. "Na hii ya tatu ulimwachia nani?"

"Hiyo kibandiko kilibanduka kwa unyevu. Siwezi kumzika nisiyemjua, binti yangu."

Mama Malisho hakumlaumu. Aliosha seli za chupa ile kwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu, mara tatu, akatia malisho mapya, akaufunga mlango wa kabati kwa kiganja kizima, kama anayefunika mtoto shuka. Jumanne, kimya. Jumatano, kimya. Aliinama juu ya darubini hadi chumba kikamtoka mawazoni. Akawa anaelea juu ya mji mpana usio na sauti, nyumba zake angavu zimelazana ubavu kwa ubavu, taa moja ndani ya kila nyumba. Wakati mwingine alihisi kwamba akipumua kwa nguvu zitashtuka. Wakati mwingine alihisi kwamba ni zenyewe zinamtazama, zikingoja mtu wa kupiga hodi.

"Mama, niambie ukweli," binti alisema Alhamisi. "Zimekufa?"

"Zilizokufa hubanduka, zikaelea. Hizi zimeshika sakafu. Subiri, mwanangu."

Ijumaa, saa mbili asubuhi, seli moja kando ya mji ule ilijikusanya ikawa duara, iking'aa kama tone la umande. Ikabanwa kiuno taratibu. Zikawa mbili. Mama Malisho alimshika binti mkono na kumsogeza penye lenzi. Kabla ya saa nne walikwisha kuhesabu kumi na tisa.

Profesa alitazama muda mrefu, akafuta miwani, akatazama tena. "Nipeni kalamu," alisema.

Mzee Povu alichungulia mlangoni, kitambaa begani. "Wamefufuka?"

"Hawakufa, mzee wangu."

"Basi niwashe redio?"

Mama Malisho alikuwa tayari anaandika kibandiko kipya, kwa herufi kubwa: ZIMEAMKA. "Iwashe," alisema, "lakini chini. Nyingine humu bado zimelala."