Mpapai wa Mama Mkwe

Ninafanya kazi kwenye kitalu cha miche ya matunda hapa Mandewa, na leo naomba mnicheke taratibu.

Mama mkwe wangu, kule Kinyangiri, kila akipanda mpapai unatoka dume, maua marefu yananing'inia tu, hauzai. Nikajitapa kwamba safari hii nitampelekea jike la uhakika, maana siku hizi maabara inapima vinasaba vya jani na kuijua jinsia ya mche kabla haujachanua.

Nikachuma jani la mche mnono kuliko yote, nikaliweka mezani nitafute bahasha. Kugeuka, kuku ameshalimeza. Nikaona huruma kuunyonyoa tena mche wa ukweni, nikachuma jani la mche wa pembeni yake. Si mbegu zote zilitoka kwenye papai moja? Nawaza hivyo mimi, niliyezaliwa tumbo moja na dada watatu!

Majibu yakaja: jike. Nikaupeleka ule mche mnono nimechomekea shati. Mama akaupenda, akawa anauita "binti yangu".

Siku moja akapiga simu. "Baba, mbona maua yananing'inia?"

Nikajibu kwa sauti ya kitaalamu, "Mama, vinasaba havidanganyi."

Jumapili akaniita. Nikawakuta majirani wamejaa uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Akanitangulia hadi kwenye mpapai, akayainua kwa kidole yale maua marefu, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Baba, huyu binti uliyeniletea, mbona ana ndevu?"